Mguu Wangu kwenye Mizani ya Nicanor

Machi 9, Jumapili

Nimerudi nyumbani Turbo. Baba Naomi alinibeba kutoka garini mpaka kitandani mbele ya majirani wote, na mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, bibi wa wajukuu wawili. Nimemwambia akirudia nitamchapa na gongo. Amecheka, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka jana.

Binti yetu Naomi amesema niwe naandika kila siku, eti itanipunguzia kugombana na watu. Tutaona.

Basi niandike mambo yalivyo. Mwaka jana pikipiki iliniangusha hapa hapa kwenye barabara ya Webuye, mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto ukavunjika vipande. Nikafungwa vyuma. Kidonda kikaingia usaha, mfupa ukafa, ule uliokufa ukakatwa ukatupwa, likabaki pengo la urefu wa kidole changu cha kati. Nimeishi miezi na mguu ambao katikati yake hamna kitu. Mwezi uliopita Daktari Kigen wa hospitali kubwa mjini Eldoret akaniwekea kiunzi.

Kiunzi chenyewe nilikishika kabla hakijaingia. Ni kitu cheupe, chepesi, kimejaa matundu kama sega lililokamuliwa asali. Mashine imekichapa tabaka juu ya tabaka kwa kufuata picha za mguu wangu, kwa hiyo kinaingia kwenye pengo langu mimi, si la mtu mwingine. Kisha kikapakwa madini yale yale yaliyomo ndani ya mfupa. Nilimuuliza daktari, ya nini kukipaka? Akasema chembe za mfupa hazikubali kukaa juu ya kitu kitupu. Hilo halikunisumbua kulielewa. Hata kuku hatagi juu ya saruji mpaka umtandikie nyasi. Akasema mfupa wangu ukishajijenga mle matunduni, kiunzi kitayeyuka pole pole chenyewe. Hilo nalo nililielewa, maana mimi ni fundi wa cherehani. Kiunzi ni bandi, ule mshono mrefu wa muda unaoshikilia kitambaa mpaka mshono wa kweli upite, halafu unafumuliwa.

Ila hakunificha kitu. "Mama, hii ndiyo chance ya mwisho," alisema. "Ikikataa, tutakata hapa." Akagusa chini ya goti langu. Mimi ni mtu wa saba kuwekewa kiunzi hiki pale. Sikuuliza wale sita wako wapi.

Machi 14

Mvua imefika. Kila mtu yuko shambani anapanda, mimi niko dirishani nawatazama kuku wa jirani wakifukua mbegu.

Machi 15

Wageni kutwa nzima. Mguu unaendeleaje? Mguu umelalaje? Mguu ndio mwenye nyumba siku hizi, mimi ni wa kuubeba tu.

Machi 23

Mvua. Mguu unawasha mahali ambapo siwezi kujikuna.

Aprili 2

Kliniki. Msichana wa mazoezi ya viungo anaitwa Chepngetich, umri wake ni wa Naomi lakini ana amri kama mwalimu mkuu. Aliangalia kidonda, akaridhika kimefunga, halafu akaniambia nikanyage.

"Nikanyage na huu?"

"Na hiyo hiyo. Mama, mfupa ni mvivu. Usipoipatia kazi, haioti. Lakini ukiipatia kazi mingi saa hii, scaffold, hiyo kiunzi yako, inavunjika na tumemaliza. Ndio maana tunapima."

Akaweka chini mizani ndogo ya bafuni. Nikajishikilia kwenye magongo, nikaweka mguu wa kushoto juu ya mizani na kuegemea kidogo kidogo mpaka mshale ukasoma kumi. Kilo kumi. Nilitokwa jasho kama mtu anayechimba kisima, na furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Mguu ule ulikuwa umekanyaga.

Kila asubuhi na kila jioni, kilo kumi, mpaka nirudi. "Uko na mizani kwa nyumba?" aliniuliza. Nikamwambia haikosi. Nyumbani kwangu hamna hata mizani ya sukari.

Aprili 4, Ijumaa

Leo nimemjua Nicanor.

Nicanor ni mdogo wa mume wangu. Ni broka wa mahindi. Ghala lake liko ng'ambo ya ua wetu, na wakulima wengi wa upande huu humuuzia yeye, sisi pia kila mwaka. Humo ndani ana mizani ya chini ya kuwekea magunia, ina uso wa duara na mshale mwekundu. Baba Naomi akasema tunasumbuka kutafuta mizani kwa nini, na ile je? Nikavuka ua na magongo yangu kwenye matope.

"Shemeji, hiyo ni ya magunia, si ya watu," Nicanor akasema.

"Mimi na gunia tofauti yetu nini? Wote hatutembei."

Hakucheka. Nicanor, ambaye hucheka hata matangani! Akasema mizani imejaa vumbi. Akasema sakafu inateleza, nitaanguka. Mwisho akasema ataninunulia mizani mpya, ndogo, akienda mjini Ijumaa. Nikamwambia leo ndiyo Ijumaa.

Uchoyo nimeuona wa kila namna, lakini wa kumnyima mtu mizani? Mtu anakanyaga, anashuka, anaenda zake, mizani inabaki pale pale. Nimerudi nyumbani nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Aprili 7

Nimekanyaga. Sikuomba ruhusa, niliingia tu akiwa anapakia lori. Mshale ulilala kwanza. Nikaegemea, umelala. Nikaegemea tena, ndipo ukaamka. Mizani ya kizee hii. Nilifika kumi na machozi yakanitoka, maana kumi ya huku ni ngumu kweli. Nicanor alikuja akasimama mlangoni, akatazama nje.

Aprili 8

Kumi.

Aprili 9

Kumi. Mvua.

Aprili 12

Kumi. Nicanor ameniletea trei ya mayai. Dhamiri inamsuta kwa uchoyo wake. Mayai nimepokea.

Aprili 21

Asubuhi nilipokuwa juu ya mizani, Nicanor akaniambia, "Shemeji, kwani ni lazima ifike kumi? Weka mbili tu."

"Mbili? Mbili ni uzito wa kuku!"

"Si unajua hawa madaktari, wanapenda kusukuma watu."

Nimemwambia aendelee na mahindi yake, udaktari awaachie waliousomea. Ndugu wa mume wangu amekuwa na huruma ya ajabu mwaka huu. Hata sakafu ile sasa anaifagia kabla sijafika na kuitandika gunia nisiteleze.

Mei 6

Kliniki. Picha inaonyesha kiunzi kimetulia mahali pake, ila matunduni bado hamna kitu. Daktari Kigen amesema ni mapema. Nilitamani uso wake uwe na furaha zaidi kuliko ulivyokuwa.

Chepngetich amenipandisha hadi ishirini. Nilijaribu pale pale kwenye mizani yake na ikawa rahisi, mpaka akapiga makofi. "Mama uko strong! Wengine wanalia hapa." Nimejivuna njia nzima ya kurudi. Nimemwambia Baba Naomi kwamba ishirini ya mjini ni sawa na kumi ya Turbo, labda ni hewa ya huko.

Mei 7

Ishirini ya nyumbani si mchezo. Nimeuma kitambaa.

Mei 19

Mahindi yamefika magotini. Baba Naomi anapalilia tangu alfajiri, akirudi ananipikia. Anapika ugali laini kama uji, nami naula kimya, na hilo mtu anayenijua ataelewa lina uzito gani. Sare za shule nilizozoea kushona zimeenda kwa fundi mwingine. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na imefunikwa shuka kama maiti. Nikiiangalia nafikiria, mguu huu ukikatwa, hiyo basi. Sijawahi kufanya kazi nyingine na siitaki nyingine.

Mei 20

Ishirini. Nicanor kasema "punguza." Nimemkazia macho.

Mei 29

Ishirini. Uchungu unabaki hata nikishuka.

Juni 3

Mguu umevimba chini ya goti. Una moto. Baba Naomi anataka twende mjini sasa hivi, mimi nimesema tusubiri siku ya kliniki, uvimbe hupungua. Ukweli ni kwamba sitaki kuambiwa. Mara ya kwanza pia ilianza hivi, na uvimbe na moto, kabla ya usaha. Nicanor alipita akauona mguu umeinuliwa juu ya kiti. Alibaki ametazama, akaondoka bila kuaga.

Juni 5

Atakayesoma anisamehe mwandiko.

Mchana ilinyesha mvua ya mawe. Juu ya mabati ilikuwa kelele tupu, huwezi kumsikia hata mtu wa pembeni yako. Nicanor akaingia ameloa, akasimama mbele yangu, akaanza kusema. Niliona mdomo unatembea tu. Alisema maneno mengi. Alipomaliza alifuta uso, akasubiri, na mimi nikampigia kelele, "Sisikii!"

Nilimwona anafunga macho. Kumbe alikuwa amejikaza kwa yote aliyokuwa nayo akasema, na sasa ilibidi aseme tena. Mawe yakapungua, yakaisha. Nyumba ikawa kimya kabisa. Baba Naomi naye alikuwa amekimbia kutoka shambani, yuko mlangoni anavua gambuti. Nicanor akamwona, na nilidhani ataondoka, lakini hakuondoka.

"Nimesema mizani inakula, shemeji."

"Inakula nini?"

"Kilo nane. Kitu chochote ukiweka juu, inameza nane kwanza ndio ianze kuhesabu. Ukiweka kumi yako, ilikuwa kumi na nane. Hii ishirini ya saa hizi ni ishirini na nane."

Nitaandika ukweli wangu hata kama ni aibu. Wazo langu la kwanza halikuwa mguu. Niliona magunia yetu yakipandishwa pale mwaka baada ya mwaka, na Nicanor akisema, "Aah, mahindi yenu mwaka huu ni mepesi, shemeji, ni jua." Nane kwa gunia, nani ataona? Gunia ni kubwa, linaficha nane. Lakini mguu wangu si gunia.

"Hata yangu?" Baba Naomi akauliza kutoka mlangoni.

Nicanor akatazama sakafu. "Hata yako, Johnstone."

Miaka yote niliyoolewa sijamsikia akimwita kaka yake kwa jina.

"Umesimama pale kila asubuhi ukiniona!" nikamwambia.

"Nilikuambia upunguze."

"Uliniambia niweke mbili! Hukuniambia kwa nini!"

"Ningekuambia nini, shemeji? Kwamba mimi ni mwizi?"

"Ungeitengeneza basi! Ungeingia siku moja na spana yako, nani angejua?"

"Nilifikiria. Lakini Aprili watu walikuwa bado wananiletea mahindi ya mwisho."

Alisema hivyo tu, bila kuipamba, na nikamtupia kilichokuwa karibu na mkono wangu, ambacho kilikuwa bakuli la mayai aliyoendelea kuniletea kila wiki. Hakukwepa. Yai likamshuka kwenye koti, akaendelea kuongea.

"Juzi nikaona huo mguu. Nikajua hata nikitengeneza mizani leo, daktari hatajua hicho kitu kimebeba kilo ngapi. Atatafuta makosa mahali hayako. Ndio nimekuja."

Baba Naomi alivaa gambuti zake tena, akarudi shambani. Nicanor akainama kuokota maganda. Nikamwambia ayaache.

Naogopa. Miezi yote hii nimeandika mizaha humu kwa sababu naogopa. Siutaki mguu wa mbao. Nautaka wangu.

Juni 6

Nicanor ametupeleka mjini kwa pikapu yake. Baba Naomi alikataa kukaa mbele na ndugu yake, akapanda nyuma, akajifunika turubai kwenye mvua mpaka tulipofika. Mimi nilikaa mbele na Nicanor.

Mbele ya daktari nilidhani ni mimi nitakayeeleza, lakini Nicanor aliingia, akasimama na kofia mkononi, akasema yote mwenyewe, na ile nane, na tangu lini. Chepngetich alijifunika mdomo. Daktari Kigen alisikiliza bila kumkatiza, akanituma kwenye picha.

Kiunzi hakijavunjika. Nimeandika hilo kwanza ili nikilisoma kesho niliamini. Skrubu moja imelegea kidogo. Hamna usaha, uvimbe ni wa kuchoshwa. Lakini matunduni bado hauonekani mfupa wa kuaminika, na sasa nisikanyage kabisa mpaka aseme tena. "Tungoje," akasema. "Bado sijakata tamaa, Mama, na wewe usikate."

Kisha akamgeukia Nicanor. Nilisubiri amchane. Akamwambia, "Asante kwa kuniambia. Bila hiyo ningedhani coating, ule mpako wa madini, ndiyo imekataa, na ningeitoa."

Nicanor alikuwa amejiandaa kwa matusi. Asante hakuwa amejiandaa nayo. Alitoka akaenda kuegemea ukuta wa korido, mtu mzima yule, akalia mpaka wauguzi wakadhani amefiwa. Nilikuwa na hasira naye bado, na ninayo. Lakini nilisimama pale karibu naye na magongo yangu mpaka alipomaliza, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kusimama naye.

Juni 15

Kukaa. Mvua.

Juni 24

Uvimbe umepungua. Siamini kitu.

Julai 2

Mahindi yametoa mbelewele. Wapita njia wanauliza mguu. Nimewajibu uko likizo.

Julai 13, Jumapili

Tangu siku ile Baba Naomi hajamsalimu ndugu yake. Kanisani wanakaa benchi mbili tofauti, na kila mtu anaona. Leo tukila nilimuuliza atamsamehe lini, na nikategemea kimya chake cha kawaida. Akatafuna, akameza.

"Mahindi nitavuna mengine," akasema. "Huo mguu ningeupanda wapi?"

Jioni nilimwona amesimama uani, Nicanor upande wa pili wa ua, wanazungumza habari za ng'ombe. Nimekuwa nikimchukulia mume wangu kama mtu asiye na maneno. Anayo, ila hayapotezi.

Agosti 11

Kesho kliniki. Mikono imenishinda kusuka hata nywele za mjukuu.

Agosti 12

Mfupa!

Daktari Kigen alituita wote watatu, mimi, Baba Naomi na Nicanor aliyetuleta, kwenye kioo chake. Juu na chini, pale kiunzi kinapokutana na mfupa wangu, pamefanya weupe, na weupe ule umeingia matunduni, umevuka tundu hadi tundu, nyuzi nyuzi, kutoka pande zote mbili. Katikati bado pana nafasi lakini zinatafutana. Nilimuuliza kama hicho si kiunzi chenyewe kinaonekana.

"Hapana, scaffold ni hii kivuli. Hii nyeupe," akaweka kidole, "hii ni wewe."

Nilipiga kigelegele mle ndani ya chumba cha daktari. Chepngetich akakipokea. Baba Naomi alinishika bega na hakuliachia mpaka tulipotoka.

Kisha nikamuuliza daktari swali lililonikera tangu Juni. Zile kilo nane za kuibiwa zimenidhuru, au zimesaidia?

"Inaweza kuwa zilisaidia, mfupa unapenda kazi. Inaweza kuwa ulikuwa tu na bahati na tulikusimamisha kwa wakati. Sijui, na sitajifanya najua. Lakini siwezi kuandikia wagonjwa mizani ya broka."

Tulicheka sisi sote isipokuwa Nicanor. Halafu na yeye akacheka.

Agosti 13

Tumeanza upya. Kumi, kwenye mizani ya Chepngetich aliyoniazima. Kumi ni kitu kidogo!

Agosti 30

Ishirini.

Septemba 16

Thelathini na tano. Gongo moja nimelirudisha hospitali. Jioni nilifunua cherehani, nikakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, nikashona mfuko wa mto. Umepinda. Nimeutunza.

Oktoba 4

Hamsini. Mahindi yamekauka shambani, yanasubiri.

Oktoba 18, Jumamosi

Nicanor amefungua ghala. Wiki iliyopita aliwaita watu wa vipimo, wakaitengeneza mizani na kuipiga muhuri. Mimi nilidhani ataishia hapo na sikumlaumu. Ningekuwa yeye, sijui. Leo asubuhi watu walipokuwa wamepanga magunia uani, akapanda juu ya gunia moja, akawaambia. Miaka mingapi, kilo ngapi, wote, na ndugu yake akiwa wa kwanza. Nilikuwepo na gongo langu moja.

Wengine wakaanza kupakia magunia yao tena kwenye mikokoteni. Mama Jepchumba, anayelima karibu na mto na haogopi mtu, alijisogeza mbele.

"Kijana, sisi tulijua inakula," akasema. "Hatukujua tu inakula ngapi."

"Pole, Mama."

"Pole tutaiona. Toka hapo juu, nipande mimi kwanza. Kilo zangu nazijua, nimepimwa zahanati jana."

Akapanda na kiatu chake, akasoma, akakubali kwa kichwa, akaita mikokoteni yake isogee. Walioondoka ni wengi kuliko waliobaki. Nicanor alipima ya waliobaki mpaka jioni bila kuinua macho. Huyu ndiye mtu niliyemwita mchoyo mwezi wa nne. Mchoyo hakuwa. Mwizi alikuwa, na mguu wangu ninao kwa sababu alikubali kuitwa hivyo. Sijui hesabu hiyo inafungwaje, na nimechoka kujaribu kuifunga.

Novemba 4

Kliniki. Zile nyuzi zimekutana. Daktari Kigen amesema kiunzi kitachukua mwaka au zaidi kuyeyuka chote, nisibebe mizigo mizito, nisikimbie, na nirudi Februari apige picha nyingine. Lakini kwa sasa gongo niache, na mizani niache. "Tembea tu, Mama," akasema Chepngetich, akaichukua mizani yake. Nilitembea mpaka langoni nikiwa nimeshika mkono wa Baba Naomi kama bibi harusi, nikitetemeka kila hatua. Nilisikia mguu kila hatua. Nilidhani hivi ndivyo itakavyokuwa sasa, maisha yangu yote nikiusikiliza.

Novemba 22

Sijaandika siku nyingi, kumekuwa na kazi. Mashine ya kupukuchua ilikodiwa siku moja tu, ikabidi watu wote waje shambani. Maganda yameruka mpaka kwenye chai. Nilipika, nikagombana na mwenye mashine aliyetaka kuondoka kabla ya kumaliza, nikamshinda. Wajukuu wamekuja na mama yao wamelala juu ya magunia. Sare za shule zimerudi kwangu, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe akasema yule fundi mwingine anashona mifuko ambayo mkono hauingii. Nimekata vitambaa vya kwanza juzi.

Alasiri nilikuwa nashuka mteremko na karai la viazi vya kuchemsha kiunoni, nakimbilia kuwapa watu kabla havijapoa, na Nicanor akapanda akinikabili, ana gunia mgongoni.

"Shemeji, pole pole! Mguu unaendeleaje?"

"Mguu gani?" nikamuuliza.

Akaweka gunia chini, akacheka mpaka akalikalia. Alidhani namtania. Sikuwa natania, ilibidi nitazame chini.